Ping, sauti iliyogeuka swali

Kijana anayecheza gemu ya mapigano mtandaoni akiuawa kabla hajamwona aliyempiga, halaumu bunduki. Anatupa jicho kwenye pembe ya kioo, pale penye tarakimu ndogo, kisha anawaambia wenzake: ping imepanda. Ikiwa 40, roho yake imetulia. Ikiwa 100, anavumilia. Ikifika 300 anaona heri atoke, maana anachokiona kwenye simu yake wenzake walishakiona zamani. Iwe Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi, wachezaji wanalitumia neno hilo hilo, na ni wachache wanaojiuliza kwa nini kipimo cha intaneti kimepewa jina linalofanana na mlio wa kijiko kinachogonga glasi.

Ni mlio kweli. Waingereza wa karne ya 19 walilitumia neno hili kuelezea risasi inapokata hewa au inapogonga chuma: sauti nyembamba, kali, inayokatika ghafla. Ni tanakali ya sauti, kama Kiswahili kinavyosema chubwi kwa kitu kinachotumbukia majini na pu kwa kinachoanguka chini. Mara nyingi mlio wa namna hiyo hupanda cheo ukawa jina la kitu chenyewe. Pikipiki, tukutuku na tingatinga zimejibatiza zenyewe kwa injini zao. Ping imepita njia hiyo hiyo, ila imekwenda mbali zaidi: imekuwa mchezo, fimbo ya gofu, chombo cha vita, programu ya kompyuta, na hatimaye namna ya kumuuliza aliye mbali kama yupo.

Mchezo ndio ulioitangaza. Mwishoni mwa karne ya 19 familia za Uingereza zenye nafasi zilikuwa zikicheza tenisi juu ya meza ya chakula baada ya mlo wa jioni. Vibao vyao vilikuwa na mpini mrefu na kichwa kilichowambwa ngozi. Mipira myepesi ya seluloidi ilipoingia mwanzoni mwa karne ya 20, kila pigo lilitoa mlio uliosikika chumba kizima, ping huku na pong kule. Kampuni ya John Jaques ya London, ambayo ilikuwa imejaribu kuuza mchezo wa aina hiyo kwa jina la Gossima usishike, ilisajili jina la Ping-Pong mwaka 1901. Safari hii watu waliupokea kwa hamu. Lakini jina hilo lilikuwa mali ya kampuni, na huko Marekani haki zake zilinunuliwa na kampuni ya Parker Brothers. Ndiyo sababu shirikisho la kimataifa lililoundwa mwaka 1926 lilijiita la tenisi ya meza, na Olimpiki hutumia jina hilo mpaka leo.

Wachina waliuchukua mlio wenyewe. Maandishi yao ya ping na pong ni alama mbili zinazofanana na ile ya askari, ila kila moja imepungukiwa mguu, moja wa kulia na nyingine wa kushoto. Aprili 1971 wachezaji wa Marekani waliokuwa kwenye mashindano ya dunia huko Nagoya, Japani, walialikwa China wakati nchi hizo mbili hazikuwa na uhusiano wa kibalozi. Februari 1972 Rais Richard Nixon alitua Beijing. Wanahistoria wanaiita diplomasia ya ping-pong.

Fimbo ya gofu nayo ina kisa chake. Karsten Solheim alizaliwa Bergen, Norwei, mwaka 1911, akapelekwa Marekani akiwa mtoto, akawa fundi viatu kama baba yake kabla ya kuwa mhandisi wa General Electric. Gofu alianza ukubwani, na kilichomshinda kilikuwa kuusukuma mpira polepole hadi shimoni, kwa sababu fimbo za wakati huo zilijipinda mkononi kila zilipogusa mpira pembeni kidogo. Mwaka 1959, katika gereji ya nyumba yake huko Redwood City, California, alitengeneza fimbo ambayo uzito wa kichwa chake ulikaa kwenye ncha zote mbili, katikati pakabaki pepesi. Ilinyooka vizuri. Pia ilipogonga mpira ililia ping, naye akaipa jina hilo. Kampuni aliyoianzisha iko Phoenix, Arizona, na bado inaitwa Ping.

Katika visa hivyo vyote neno ni jina la mlio tu. Bahari ndiyo iliyolipa kazi ya kuuliza.

Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Majini huenda kama mita 1,500, na hufika mahali ambapo mwanga na redio haviwezi kabisa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nyambizi za Ujerumani zilipokuwa zikizamisha meli za Washirika, mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin, akianzia kwenye wazo la mhandisi Constantin Chilowsky, alitumia jiwe la kwatzi lililotetemeshwa kwa umeme kutuma mpigo wa sauti majini na kupokea mwangwi wake. Waingereza waliendeleza kazi hiyo na kukiita chombo chao ASDIC. Jina lililoshika baadaye ni la Kimarekani, sona.

Baharia aliyekaa na chombo hicho masikioni alikuwa na kazi ya kutuma na kungoja. Mpigo unatoka, kimya, mpigo mwingine unatoka, kimya tena. Kama chini kuna ubavu wa chuma, kitu kinarudi, hafifu lakini dhahiri. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde nne, sauti imesafiri kilomita sita kwenda na kurudi, basi nyambizi iko umbali wa kilomita tatu. Ukirudi kwa sauti nyembamba kuliko ulivyotumwa, nyambizi inakuja. Ukirudi mzito, inakimbia. Mabaharia wa Vita Kuu ya Pili waliuita mpigo huo ping. Waliokuwa ndani ya nyambizi waliusikia pia, ukigonga kwenye ubavu wa chombo chao, na walijua maana yake. Anayeuliza hujifichua. Kwa sababu hiyo nyambizi zenyewe hupenda kukaa kimya na kusikiliza tu.

Afrika Mashariki iliguswa na jambo hili kwa uchungu ambao haujulikani inavyostahili. Februari 1944 msafara wa meli uliopewa namba KR 8 uliondoka Kilindini, Mombasa, ukielekea Colombo. Ndani ya meli iitwayo Khedive Ismail walikuwamo askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wauguzi wanawake, na mabaharia. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa topido. Meli ilizama kwa dakika chache mno, na karibu watu 1,300 walipoteza maisha. Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, ziligeuka kuitafuta nyambizi kwa ASDIC. Ilikuwa imejificha chini ya eneo lile lile walikokuwa wakielea waliosalia. Makamanda waliamua kuangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji, na baadhi ya waliokuwa wakiogelea waliuawa na mabomu hayo. I-27 ililazimika kuibuka, ikapigwa kwa mizinga, na mwisho ikamalizwa kwa topido ya Petard.

Mwangwi humwambia baharia kwamba kuna kitu na kiko umbali gani. Haumwambii ni nani wengine walio katikati.

Na binadamu si yeye peke yake anayeusikia mpigo wa sona. Machi 2000, nyangumi na wanyama wengine wa jamii yao 17 walikwama kwenye fukwe za Bahamas, wengi wao wa aina ya nyangumi wanaopiga mbizi ndefu. Ripoti iliyotolewa mwaka uliofuata na jeshi la majini la Marekani pamoja na idara ya nchi hiyo inayosimamia bahari ilisema sababu yenye uwezekano mkubwa ni sona za manowari zilizokuwa zikifanya mazoezi hapo. Kuna upande wa faida pia. Vifaa vidogo vinavyotoa ping hufungwa kwenye nyavu za jarife ili pomboo wazigundue mapema na kuziepuka, na majaribio ya aina hiyo yamefanyika hadi kwenye maji ya Zanzibar, ambako pomboo wamekuwa wakinaswa na kufa kwenye nyavu zilizotegewa samaki.

Kutoka baharini neno liliingia kwenye kompyuta usiku mmoja wa Desemba 1983. Mike Muuss alikuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani jimboni Maryland, na mtandao wa hapo ulikuwa na hitilafu isiyoeleweka. Miezi michache kabla, kwenye mkutano huko Norwei, alimsikia mwenzake Dave Mills akieleza jinsi alivyopima muda wa safari ya data kwa kutuma ujumbe mdogo ambao kanuni za intaneti huulazimisha urudi ulikotoka. Kanuni zenyewe, zilizoandikwa mwaka 1981, huuita ujumbe huo mwangwi. Muuss aliandika programu ya kuutuma na kuhesabu muda, akakuta mfumo wa kompyuta yake hauna uwezo wa kuubeba, akauongezea uwezo huo, na kabla ya alfajiri kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipokuwa tayari kutuma ping ya kwanza mwenzake alikuwa ameshaipata na kuitengeneza ile hitilafu.

Watu wengi wameandika kwamba PING ni kifupisho cha maneno mengine. Muuss alikanusha. Alikuwa amesomea mambo ya sona na rada chuoni, na aliipa programu jina la mlio wa sona kwa sababu inafanya kazi ile ile: inatuma, inangoja, inapima. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 2000. Programu yake imo leo karibu katika kila kompyuta, na fundi mitandao akiitwa mahali penye tatizo, mara nyingi huanza na neno hilo la herufi nne.

Muuss alipenda kusimulia kisa kimoja alichosimuliwa kwenye mkutano wa wataalamu. Fundi mmoja alikuwa na kebo inayokata na kurudi, na kiungo kibovu kilikuwa mahali fulani ndani ya jengo zima. Aliiunganisha programu ya ping na kifaa cha kutamka maneno, akakiunganisha kifaa na redio kubwa ya ofisini, akafungulia sauti hadi mwisho. Kompyuta ikawa inapiga kelele kila sekunde: ping, ping, ping. Yeye akatoka, akapita chumba kwa chumba akitikisa viungo vya waya kimoja baada ya kingine. Sauti ilipokatika, alikuwa ameshika kiungo kibovu mkononi.

Tarakimu anayoiona mchezaji wa gemu ni muda huo huo wa kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Na hapa jiografia haina huruma. Kabla ya 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia setilaiti zilizoko kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka, jumla kilomita 144,000. Hata kwa mwendo wa mwanga hizo ni milisekunde 480 kabla hata seva haijafanya lolote. Hakuna fundi wala kampuni ya simu ingeweza kuzipunguza. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukiwa na vituo Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS, uliovutwa kutoka Fujairah hadi Mombasa, ulifuata mwaka huo huo, na EASSy mwaka 2010. Ndani ya nyuzi za mkongo mwanga huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 inaweza kujibu kwa milisekunde 100 na ushee.

Wakati ule tatizo halikuwa umbali pekee. Barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili iliweza kuzunguka hadi Ulaya au Marekani ndipo irudi Nairobi, kwa kuwa kampuni za intaneti hazikuwa na mahali pa kukutania nyumbani. Vituo vya kubadilishana data vya Nairobi na Dar es Salaam viliondoa mzunguko huo. Ni kazi isiyo na sherehe wala utepe wa kukata, lakini imemfaa mtumiaji wa kawaida kuliko matangazo mengi ya kasi mpya. Mkongo nao ukikatika, kila mtu anajua. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Watu walikuwa na bando na simu zao zilionyesha mtandao umejaa, ila kila walichokiuliza kilichelewa kujibiwa au hakikujibiwa.

Katika mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza, kumpiga mtu ping sasa ni kumtumia ujumbe mfupi wa kumgutusha. Simu za BlackBerry zilikuwa na kitufe chake: ukikibonyeza, simu ya mwenzako inatetemeka na neno PING linatokea kwa herufi nyekundu. Uingereza, Julai 2021, programu ya simu ya kuwatahadharisha watu waliokaribiana na wagonjwa wa korona ilituma taarifa zaidi ya 600,000 kwa wiki moja, maduka na viwanda vikakosa wafanyakazi, na magazeti yakalitungia janga hilo jina jipya lenye ping ndani yake.

Afrika Mashariki ilikuwa na neno lake mapema, tena kwa mlio wa jirani. Kubipu, ambako Kenya huita kuflashi, ni kupiga simu ikaita mara moja ukakata. Hakuna senti iliyotumika. Ujumbe uko kwenye makubaliano: nipigie, nimefika, nakukumbuka. Mtafiti Jonathan Donner aliichunguza desturi hii nchini Rwanda na mwaka 2007 akachapisha kanuni zake alizozikuta kwa watu wenyewe. Mwenye uwezo ndiye anayepaswa kupiga, na mwanamume anayemchumbia msichana asithubutu kumbipu. Ukiitazama vizuri, ni ping kamili: mpigo mdogo usiobeba maneno, na jibu ndilo lenye maana.

Uzito wa jibu hilo dunia iliuona Machi 2014. Usiku wa kuamkia tarehe 8 ndege ya Malaysia MH370, ikiwa na watu 239, iliondoka Kuala Lumpur kwenda Beijing na kutoweka kwenye rada za kiraia kabla ya saa moja kutimia. Redio zilinyamaza. Lakini kwa saa kadhaa zaidi kifaa kilichomo ndani ya ndege kiliendelea kuwasiliana na setilaiti ya Inmarsat iliyo juu ya Bahari ya Hindi. Mawasiliano hayo, ambayo vyombo vya habari viliyaita ping, hayakuwa na habari yoyote ya safari. Yalikuwa ni kuulizana tu kama upande wa pili bado upo. Wahandisi walichukua muda ambao jibu la ndege lilichelewa, wakapata umbali wake kutoka setilaiti, na umbali ukachora tao juu ya ramani. La mwisho liliingia saa 2:19 asubuhi kwa saa za Malaysia, na tao lake linapita kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, magharibi ya Australia.

Visanduku vya kurekodi safari navyo vina ping yake. Kisanduku kikiingia majini, kifaa kilichofungwa juu yake hutoa mlio kila sekunde kwa masafa ya kilohezi 37.5, juu mno kwa sikio la mtu, hadi betri iishe. Za wakati huo zilitakiwa kudumu siku 30. Meli zilisikia milio mwezi Aprili, familia zikapata matumaini, roboti wakateremshwa hadi sakafuni na hawakukuta kitu. Baadaye uchunguzi ulionyesha betri ya kimojawapo cha vifaa hivyo ilikuwa imepitwa na muda wake tangu Desemba 2012. Sheria za kimataifa sasa zinataka siku 90.

Bahari yenyewe ilirudisha vipande. Cha kwanza kiliokotwa kisiwani Réunion Julai 2015. Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa kilipatikana Pemba, kikapelekwa Australia, na kwa namba zake za kiwandani wataalamu wakathibitisha kuwa ni cha MH370. Sona zilikagua kilomita za mraba 120,000 za sakafu hadi Januari 2017 bila mafanikio, na mwaka 2018 kampuni ya Ocean Infinity iliongeza zaidi ya 112,000. Machi 2025 Malaysia iliikubalia kampuni hiyo ianze tena katika eneo jipya la kilomita za mraba 15,000, kwa vyombo visivyo na mtu vinavyoteremka hadi karibu na sakafu na kuipigia ping mstari kwa mstari. Malipo yaliyokubaliwa yalikuwa dola milioni 70, nayo yangetolewa ndege ikionekana tu.